Kamera ya mbele ya pikapu imehamishiwa kwenye bampa la chuma: picha ina mawimbi, mistari ya umbali si ya kweli

Mpanda_Vilima

Wakuu, naomba msaada. Pikapu yangu ilikuja na kamera nne, zile zinazokuonyesha gari kama unalitazama kutoka juu. Ya mbele ilikaa kwenye grili, chini ya nembo. Baada ya kufunga bampa la chuma lenye winchi (mashine ya kuvuta gari lililokwama kwa kamba), kamera ikabaki kutazama mgongo wa winchi tu. Ndipo ikashushwa na kusogezwa mbele, juu kidogo ya tundu inapotokea kamba. Zamani ilikuwa sentimita 90 kutoka ardhini, sasa ni 75. Waya wa asili haukufika, ukaunganishwa na mwingine wa mita moja ulionunuliwa tayari una plagi zake.

Injini ikiwa imezimwa, picha ni safi. Nikiwasha, mawimbi membamba yanapanda kwenye skrini, na nikiwasha taa za LED za bampa yanazidi. Njia ya mashimo ikianza skrini inakuwa nyeusi, halafu picha inarudi yenyewe. Linaloninyima raha zaidi ni mistari ya kukadiria umbali. Skrini inasema nafasi bado ipo, nikishuka nakuta bampa linakaribia kugusa ukuta. Kwenye picha ya juu nako, mstari mweupe wa maegesho unavunjika pale unapotoka kamera ya mbele kuingia ya pembeni.

Watoto hucheza karibu na ninapoegesha. Boneti ya gari hili ni ndefu na iko juu, mtoto mdogo akisimama mbele yake simwoni bila kamera. Kwa hiyo hili kwangu si suala la urembo wa picha. Nimeambiwa "lipeleke kwenye kalibresheni, yote yataisha", yaani kompyuta ya gari ipangiwe upya vipimo vya kamera. Ni kweli?

Fundi_Waya

Mkuu, kalibresheni usiende bado. Hayo ni matatizo matatu na hayana mama mmoja.

Tuanze na mawimbi. Mawimbi yanayotembea ni dalili kwamba picha inasafiri kwa njia ya analogi, yaani kama umeme unaopanda na kushuka, si kama tarakimu za dijitali. Kamera ya dijitali ikiumwa haifanyi hivyo: picha huganda, hukatika vipande, au hupotea kabisa. Kwa hiyo kwenye plagi yako naamini utakuta nyaya kadhaa nyembamba zilizozungushiwa wavu wa chuma, si kebo moja nene ya koaksi (waya mmoja katikati uliozungukwa na ngao ya chuma). Kwamba yanakuja injini ikiwaka na kuongezeka kwa taa, hiyo ni kelele ya umeme inayoingia kwenye waya wa picha. Inaweza kuingilia kwenye arthi (njia ya umeme kurudi kupitia chuma cha gari), au waya umelala sambamba na nyaya za taa na winchi. Winchi ya volti 12 ikivuta mzigo mzito inaweza kula ampea 400 au zaidi. Waya wa kamera usifungwe kwenye fungu moja na nyaya zake hata kama ndiyo njia fupi. Ikibidi zipishane, zikatane kama msalaba.

Kabla ya kununua chochote, fungua kamera kutoka kwenye kishikio chake, iache ikiwa imechomekwa, weka kipande cha mbao kati yake na bampa, kisha washa injini. Mawimbi yakipotea, kamera ilikuwa inapata arthi ya pili kupitia chuma cha bampa. Dawa yake ni vipande vya plastiki kwenye skrubu. Yakibaki, toa ule waya wa nyongeza, chomeka kamera moja kwa moja kwenye plagi ya asili, iache ining'inie hapo kwenye grili. Picha ikiwa safi, shida ni waya wa nyongeza au njia uliyopitishwa. Nyingi zinazouzwa hazina wavu wa kukinga ndani, au wavu upo lakini haujaunganishwa mpaka kwenye plagi. Kwa nje huwezi kujua.

Skrini nyeusi kwenye mashimo ni plagi inayocheza. Mtu mmoja atazame skrini, mwingine atikise waya kidogo kidogo kuanzia kamera kurudi nyuma. Picha ikikatika, mkono uko penye ugonjwa. Tazama pini ndani ya plagi, mara nyingi moja imerudi nyuma na inagusa kwa bahati tu. Ukishatengeneza, funga waya kwenye bampa sentimita chache kabla ya plagi ili uzito usivutwe na pini. Acha pia waya uning'inie kidogo kabla ya kupanda kwenye plagi, maji yadondokee hapo.

Na tafadhali, mtu asikushauri kuipa kamera umeme wa taa "ili ipate nguvu". Kamera za kiwandani nyingi hupewa takriban volti 6, si 12. Utaiunguza.

Sasa mistari. Kompyuta haipimi umbali. Inakisia, kwa kuamini kwamba kamera iko kwenye kimo kilekile ilichofungwa kiwandani. Chukua 75 gawanya kwa 90, unapata 0.83. Hata kama pembe ya kamera haijabadilika, kitu ambacho skrini inakionyesha mita 1.2 kutoka kwenye kamera kwa kweli kiko mita 1. Sentimita 20 zimepotea, na zimepotea upande wa hatari. Kule kusogea mbele nako kunavuruga hesabu. Kalibresheni husahihisha kamera iliyoinama kidogo. Kimo kikibadilika namna hii, mifumo mingi itakataa, au itakubali na bado ikupe mistari ya uongo.

Gia_ya_Chini

Nakubaliana na fundi, naongeza moja tu. Kama gari lina breki zinazojifunga zenyewe, angalia rada (kifaa kinachotambua vitu vya mbele kwa mawimbi ya redio) iko wapi. Kamera ya mfumo huo kwa kawaida iko nyuma ya kioo cha mbele na haijaguswa, lakini rada mara nyingi iko nyuma ya grili au ndani ya bampa, na chuma hakipitishi mawimbi yake. Winchi ikikaa mbele yake, breki hizo zinaweza kuzimika au kufunga pasipo sababu.

Mpanda_Vilima

Asanteni sana wakuu. Rada kwenye gari hili haipo, nimehakikisha kwenye kitabu chake. Kipande cha mbao kimepunguza mawimbi lakini hakikuyamaliza. Kutoa waya wa nyongeza ndiko kulikoyamaliza, na picha haikukatika tena hata tulipotikisa. Tumeupasua ule waya: ndani hakuna wavu hata kidogo, ni nyaya tupu kwenye mpira. Nimeagiza wenye wavu.

Nimebakiwa na mistari. Juu ya bampa kuna upau mwembamba, kamera ikifungwa hapo inarudi sentimita 88 kutoka ardhini na winchi haiizibi. Inatosha?

Fundi_Waya

Hapo sasa umefika kalibresheni inapoweza kukusaidia. Ifunge katikati kabisa ya gari, upana upime kwa futi kutoka kila upande, kioo cha kamera kisilale kushoto wala kulia. Kishikio kiwe kigumu. Chembamba kikitetemeka, kila kilichopimwa kitahama. Jaza upepo kwenye matairi yote, toa mizigo, kisha mafundi wa kalibresheni wafanye kamera zote nne, maana picha ya juu inashonwa pale kamera mbili zinapoona sehemu moja ya ardhi. Wakifanya ya mbele peke yake, mstari wako mweupe huenda ukaendelea kuvunjika.

Ukitoka huko, usiamini skrini mpaka umeipima mwenyewe. Weka boksi mbele ya bampa nusu mita, kisha mita moja, kisha mita mbili, kwa futi ya kupimia, katikati na pembeni. Linganisha na mistari. Mpaka zoezi hilo likubali, zima mistari kwenye menyu ubaki na picha tupu, na kabla ya kuondoa gari penye watoto, shuka uzunguke mbele.

Mpanda_Vilima

Mistari nimeizima leo. Waya ukifika nitafunga kamera kwenye upau, kisha nitaweka hapa vipimo vya boksi kabla na baada ya kalibresheni.