Mjadala: Mtu anayetakiwa kufukuzwa Marekani, serikali impe wakili au ajitafutie?

Ndugu zangu, juzi katika maongezi ya Waswahili tunaoishi huku Marekani, mwenzetu mmoja alisema kwamba mhamiaji aliyeitwa mahakamani akikosa pesa ya wakili, hiyo ni shida yake, maana hajashtakiwa kwa jinai. Kisheria yuko sahihi. Mimi nasema sheria yenyewe ndiyo imekosea, na ninaweka hoja zangu hapa mnijibu.

Nianze na Clarence Earl Gideon. Mwaka 1961 alikamatwa Panama City, Florida, akidaiwa kuvunja ukumbi wa mchezo wa pool na kuiba. Hakuwa na hela. Akamwomba jaji ampe wakili, akajibiwa kuwa sheria ya Florida humpa wakili fukara anayekabiliwa na adhabu ya kifo tu. Akajitetea mwenyewe, akapigwa miaka 5. Huko gerezani akachukua penseli na kuiandikia Mahakama ya Juu ya Marekani kwa mkono wake. Tarehe 18 Machi 1963 majaji wote 9 walimkubalia. Jaji Hugo Black alieleza kuwa serikali huajiri mawakili wa kushtaki, na mwenye fedha hukimbilia wakili wa kumtetea. Basi wakili katika kesi ya jinai ni hitaji, si anasa.

Wengi husimulia wakaishia hapo. Kinachonigusa mimi ni kilichofuata. Agosti 1963 kesi ilisikilizwa upya, jaji yuleyule, shahidi mkuu yuleyule. Safari hii Gideon alikuwa na wakili, Fred Turner, aliyembana shahidi: wewe mwenyewe alfajiri ile ulikuwa unafanya nini nje ya ukumbi? Baraza la mahakama, yaani raia wa kawaida wanaoamua kama mtu ana hatia, lilijadiliana kama saa moja, likarudi na jibu: hana hatia. Miaka miwili mtu yule alikuwa amekaa ndani.

Sasa njooni kwenye mahakama ya uhamiaji. Nimewahi kumsindikiza jirani yangu, mama Mkongo wa Uvira. Bahasha yake ya kaki ilikuwa na cheti cha ubatizo, picha za nyumba iliyochomwa, na karatasi ya wito iliyokunjwa mara nne. Upande wa pili alikaa mwanasheria wa serikali na rundo la mafaili. Jaji akauliza kupitia mkalimani, "Una wakili?" Hana. Akapewa orodha ya wanaosaidia bure na muda wa kutafuta. Jioni tulipiga namba zote zile. Wote waliopokea walisema wamejaa. Fomu ya kuomba hifadhi lazima ijazwe kwa Kiingereza, na kwa kawaida iwasilishwe ndani ya mwaka 1 tangu uingie nchini. Kuna mahali inauliza kama ulionewa kwa kuwa mtu wa "kundi fulani la kijamii". Akanigeukia: "Kaka, hapa wanataka kanisa ao kabila?" Sikuwa na la kumwambia. Mawakili wenyewe hubishana mwaka nenda, mwaka rudi juu ya maneno hayo.

Sheria inasema anaruhusiwa wakili, ila serikali isitoe senti. Mzizi wake ni wa zamani: mwaka 1893, katika kesi ya Fong Yue Ting, Mahakama ya Juu ilisema kumfukuza mgeni si adhabu ya kosa la jinai. Wekeni hiyo kando ya kesi ya Argersinger ya 1972. Mtu alipewa siku 90 jela kwa kubeba silaha kwa kificho, Mahakama ikasema fukara asifungwe hata kwa kosa dogo kama hilo bila kupewa wakili. Siku 90 zina wakili. Kurudishwa ulikokimbia risasi hakuna. Na hata mtoto anaweza kusimama pale peke yake.

Najua mtaniambia habari ya kodi. Kwangu iko hoja nzito kuliko hiyo: hata mawakili wa umma wa jinai wamelemewa. Wapo washtakiwa wanaokutana na wakili koridoni dakika chache kabla ya kuingia, wanaambiwa wakiri yaishe. Mwaka 2012, katika kesi ya Frye, Mahakama ya Juu yenyewe ilitaja kuwa asilimia 94 ya hukumu za hatia katika majimbo hutokana na kukiri. Na tangu kesi ya Strickland ya 1984, kuthibitisha kwamba wakili wako alikuangusha ni kazi ngumu mno. Kwa hiyo anayesema tutaishia kuwapa wahamiaji mawakili wa jina tu, simbezi. Lakini jiji la New York lilianza mwaka 2013 kuwalipia mawakili wahamiaji walio kizuizini, kwa hiyo msiniambie haiwezekani.

Ninyi mnaosema ajitafutie: yule mama, baada ya namba ya mwisho kwenye orodha, apige wapi?