Mjadala: Rula ya mita nne ya India, inamwonea mwenye familia au inamsaidia?

Mleta mada

Wakuu, habari za majukumu. Niko Pune, India, mwaka wa sita huu. Nina mke, watoto watatu, na mama mkwe ambaye mvua za huku zikikatika tu anatua na masanduku yake kutoka Dar, anakaa nasi miezi mitatu. Gari tuliyo nayo ni kile kigari kifupi cha siti tano. Juzi tulikuwa tunarudi nayo kutoka Mumbai tukiwa sita. Mlima wa Khandala nilizima AC ili gari ipate nguvu, vioo chini, malori yanatupulizia moshi, mtoto wa kati kapakatwa na bibi yake. Kufika juu mama mkwe akashuka, akanyoosha mgongo, akasema: "Baba, hii si gari, hii ni bajaji yenye milango." Na kayasema hayo kwenye mji wenye makao makuu ya Bajaj wenyewe.

Basi natafuta SUV ya kati, na huko ndiko nilikogongana na jambo ninalotaka tulijadili.

India inakata kodi ya gari kwa rula. Tangu bajeti ya 2006, gari isiyozidi urefu wa mita 4, yenye injini isiyozidi cc 1200 ya petroli au cc 1500 ya dizeli, inahesabiwa ndogo na inapewa nafuu. Tarehe 22 Septemba 2025 viwango vya GST (VAT yao) vilibadilika: ndogo zikashuka hadi 18%, nyingine zote za mafuta zikawekwa 40%. Watu walishangilia, na kweli bei zilishuka. Mimi nikachukua kalamu.

Tuseme gari mbili zina bei moja kabla ya kodi, rupia laki 10. (Laki hii hii ya kwetu. Tuliichukua kwao, pamoja na neno gari lenyewe.) Zamani ile ndogo ya petroli ilikatwa jumla 29%, ikafika laki 12.9. Ya kati ya cc 1500 ilikatwa 45%, ikafika laki 14.5. Pengo laki 1.6. Sasa ndogo ni laki 11.8 na ya kati laki 14. Pengo laki 2.2. Yaani wote tumepunguziwa, ila ngazi ya kutoka gari ndogo kwenda gari ya familia imekuwa ndefu kuliko ilivyokuwa! Na hapo jimbo halijachukua chake. Jimbo letu la Maharashtra kwa petroli ya bei hii wanataka 12% ya usajili, inayohesabiwa juu ya bei iliyokwisha kulipiwa GST. Kodi inazaa kodi.

Msimamo wangu: rula ifutwe. Mtu hanunui mita 4.3 kwa anasa, ananunua kwa sababu ana watoto. Karibuni.

Fundi wa Gerezani

Mkuu, hesabu zako ziko sawa ila umeishia nusu. Angalia na upande wa juu. Zamani SUV ndefu yenye injini inayozidi cc 1500 ilikatwa 50%. Sasa nayo ni 40%, sawasawa na ile ya cc 1500. Ngazi ya chini imerefushwa, ya juu imeng'olewa kabisa. Ndiyo maana viwanda vilipotangaza punguzo mwezi ule, Creta ya Hyundai, ile ya cc 1500, ilishuka kwa kiasi cha hadi rupia 72,145 na Harrier ya dizeli ya lita mbili (ya Tata wa India, si ile ya Toyota) hadi laki 1.40. Hawakuwa wakarimu, ni hesabu ya asilimia 5 na asilimia 10.

Kwa hiyo ukishavuka mita nne, usisimame katikati. Pesa unayoilipa serikali ni asilimia ile ile. Chukua injini kubwa, ule mlima utaupanda AC ikipuliza.

Mleta mada

Fundi, hapo umenifungua macho. Nilikuwa naiona Creta kama chaguo la mwenye kubana matumizi.

Mama Watatu, Bengaluru

Nyie wanaume mnajadili GST kama vile bei inaishia hapo. Kaka, bei iliyoandikwa kwenye kioo cha shorumu ni kadi ya mwaliko tu. Bei yenyewe ni ile ya gari kutoka barabarani na namba yake. Kwenu Pune 12%. Huku Karnataka gari ya laki 10 hadi 20 ni 17%, na juu yake kuna tozo nyingine. Delhi petroli ya zaidi ya laki 10 ni 10%. Gari ile ile ya laki 14: Delhi unalipa laki 1.40, huku kwangu laki 2.38 kabla ya hiyo tozo. Karibu laki nzima inapotea kwa sababu ya anwani yangu ya nyumbani. Mbona hilo hulipigii kelele?

Na msidanganyane kwamba utasajili kwa binamu jimbo la jirani. Gari ikikaa jimbo lingine zaidi ya miezi 12, sheria inataka isajiliwe upya huko ilipo.

Kama mwajiri wako ana ofisi katika majimbo manne au zaidi, uliza kuhusu namba za BH, zile za nchi nzima zisizofungwa na jimbo moja, zilianza 2021. Unalipa kodi ya miaka miwili miwili badala ya kumwaga yote siku moja, na kwa bei yako kiwango ni 10%, dizeli wanaongeza 2. Mume wangu alikuwa na haki hiyo miaka miwili bila kujua.

Mpita Njia

Nunua Ertiga ya Suzuki uache sifa.

Mkenya wa Chennai

Mimi ninapinga hoja ya mleta mada, na ninapinga kwa heshima. Rula ya mita nne ndiyo iliyoijenga sekta ya magari ya nchi hii. Ilipowekwa, wahandisi walilazimika kufikiri. Nexon ya Tata ina urefu wa chini kidogo ya mita nne, na mwaka 2018 ndiyo ilikuwa gari ya kwanza iliyotengenezwa India kupata nyota tano za Global NCAP, wale wanaopima usalama wa magari kwa kuyagongesha. Ufupi haukuizuia kuwa imara. Sasa tazama barabara za mitaani huku: ng'ombe, mkokoteni wa maembe, pikipiki ya watu watatu, na wewe unataka kupitisha mita 4.7. Anayetaka nafasi kubwa ya barabara ya umma alipe zaidi. Kuna ubaya gani?

Hata nyumbani Afrika Mashariki ushuru wa magari hupangwa kwa ukubwa wa injini na umri wa gari. Hakuna serikali isiyochora mstari mahali fulani.

Mleta mada

Ndugu yangu, mstari hauna shida, shida ni mahali ulipochorwa. Ungekuwa kwa uzito ningeelewa, maana uzito ndio unaochimba lami. Ungekuwa kwa moshi ningeelewa pia. Lakini urefu? Wanakata bampa la nyuma sentimita tano na kuita hilo sera ya usafiri. Umeziona zile sedani zao zilizofinywa ziingie chini ya mita nne? Buti kama limegongwa na lori likapakwa rangi.

Fundi wa Gerezani

Hahaha, hilo la buti nakazia. Ila ongezea hili: urefu peke yake hautoshi. Brezza ya Suzuki ina milimita 3,995, ndani ya mstari kabisa, lakini injini yake ni cc 1462 ya petroli. Inakula 40% kama jitu zima. Watu wengi wanaingia shorumu wakidhani fupi ni nafuu, hawaulizi cc.

Mzee wa Upanga

Vijana, shikamoo hamnipi, sawa. Nimezaliwa Dar, sasa naishi Ahmedabad kwa wanangu. Nawasikiliza mnavyopigania asilimia, na hakuna aliyemuuliza huyu bwana atakaa wapi huyo mkwe. Siti ya tatu. Bwana mleta mada, umeshakaa mwenyewe siti ya tatu ya hizo SUV? Mimi nilikaa, Ahmedabad hadi Udaipur. Magoti yaligusa kidevu. Kioo kidogo cha pembeni kama tundu la njiwa. Kushuka ilibidi mjukuu anivute mikono miwili kama anatoa ndoo kisimani.

SUV inasimama juu, sakafu iko juu, kwa hiyo siti ya nyuma inakuwa kama umekaa kwenye mkeka. Mtoto sawa. Mama mkwe wa miaka sitini na kitu, hapana. Huyo aliyesema Ertiga ametupa neno akaondoka, lakini kasema kweli. Sakafu iko chini, mtu anaingia kama anaingia sebuleni. Urefu umevuka mita nne, siti saba, nayo inatozwa hiyo hiyo 40%.

Mleta mada

Shikamoo mzee, samahani sana. Mama mkwe hatakaa nyuma, nitakaa mimi kabla sijathubutu kumpeleka huko. Mpango ni watoto wawili siti ya tatu.

Mama Watatu, Bengaluru

Watoto siti ya tatu, mgongo wao na kioo cha nyuma vimeachana kiganja kimoja. Mwaka 2022 watu 168,491 walikufa kwenye barabara za India, hiyo ni takwimu ya serikali yenyewe. Kabla hujauliza paa la kioo linafunguka vipi, uliza siti ya tatu ina mikanda ya pointi tatu na mifuko ya hewa ya pazia inafika hadi wapi. Bharat NCAP, kipimo cha India yenyewe cha usalama wa magari, inapima tangu Oktoba 2023, matokeo yako wazi, na Harrier na Safari ndizo zilizotangulia kupata nyota tano. Soma ukurasa wa watoto, usiishie kwenye nyota.

Kijana wa Umeme

Mnajisumbua. Gari ya umeme GST ni 5%, iwe mita tatu au mita tano. Harrier ya umeme ilitoka Juni 2025 ikianzia laki 21.49. Mjadala wa rula umekufa zamani, ila nyie bado mko kwenye mazishi.

Fundi wa Gerezani

Kijana, laki 21.49 unaijua au unaisikia? Huyu bwana anahesabu laki mbili mbili. Na anaishi ghorofani, soketi ya kuchajia ataombea kwa kamati ya jengo ambayo hata kubadilisha taa ya ngazi inakaa vikao vitatu.

Kinachoniudhi mimi ni haibridi, gari inayotumia petroli na mota ya umeme kwa pamoja. Grand Vitara ya Suzuki ya haibridi kamili inatangazwa km 27.97 kwa lita. Punguza uongo wa maabara, bado inakula kidogo kuliko zote hizi. Kodi yake? 40%, kutoka 43%. Umeme 5%, haibridi 40%. Hapo ndipo penye hoja ya kupeleka serikalini, kuliko hiyo mita nne.

Mkenya wa Chennai

Hapo kwa haibridi ninakuunga mkono. Uttar Pradesh waliziondolea kodi ya usajili mwaka 2024, majimbo mengine yangeiga.

Mleta mada

Wakuu, narudi na mrejesho. Jumapili tumekwenda shorumu mbili.

Ya kwanza wakanipa karatasi ya bei ya mwisho. Nikasoma mstari kwa mstari kama Mama Watatu alivyonitahadharisha. Bima ilikuwa ya kampuni yao, ghali kuliko niliyopata mwenyewe kwenye simu nikiwa nimesimama pale pale. Nikamwambia kijana sheria hainilazimishi kununua bima hapa. Akatabasamu, akaifuta. Chini yake kulikuwa na mstari wa "gharama za kushughulikia", rupia 9,500. Nikamuuliza, kushughulikia nini? Akasema kuitoa gari stoo kuileta hapa. Nikamwambia basi nitaifuata mwenyewe huko stoo. Akaenda kwa meneja, akarudi, mstari haupo. Rupia 9,500 zimeyeyuka kwa swali moja. Sasa nawaza wangapi hawakuuliza.

Ya pili ndiyo yenye SUV ya siti saba. Nimekaa siti ya tatu dakika kumi, mzee wa Upanga naomba radhi rasmi. Mke wangu alipiga picha, siiweki hapa. Watoto walifurahi, wameshagawana madirisha. Mama mkwe alikaa siti ya mbele, akafunga mkanda, akanyamaza kimya akitazama eneo lote la usukani na vioo, nikajua nimekwisha.

Bado nasema rula ifutwe, au wapime kwa uzito. Mkenya hajanishawishi. Lakini Fundi kanishawishi kwamba kama nimeshaamua kulipa hiyo 40%, Creta haina maana kwa watu sita.

Mpita Njia

Parking yako umeipima?

Mleta mada

...

Mleta mada

Nimetoka chini sasa hivi na tepu. Kutoka ukutani hadi kwenye nguzo ni mita 4 na sentimita 80. XUV700, ile SUV ya siti saba ya shorumu ya pili, ina mita 4.695. Zinabaki sentimita kumi na nusu, za mbele na nyuma kwa pamoja. Kuingia itaingia, ila mlango wa buti haufunguki hadi niitoe nje kwanza, na jirani yangu wa kushoto ana SUV ya Scorpio aliyoiegesha hadi nusu ya nafasi yangu.

Mpita Njia, hiyo Ertiga wanasema foleni yake ni ya muda gani?