Wavu wa kufichia kifaru cha skeli 1/35: chandarua kimenishinda, nitumie nini?

Kihesa Juu (Iringa)

Habari za jioni, ndugu zangu. Nimemaliza kuunganisha kifaru cha vita cha mfano, aina ya Sherman, cha skeli ya 1/35 (yaani kila kipimo ni sehemu moja ya 35 ya kile cha kifaru halisi), ambacho ndugu yangu alinitumia kutoka Dar es Salaam, na ningependa kukionyesha kama vilivyokuwa vifaru vya Waingereza nchini Italia mwaka 1944, kikiwa kimeegeshwa kando ya ukuta wa mawe huku nusu ya mwili wake ikiwa chini ya wavu wa kufichia. Kifaru chenyewe hakikunisumbua. Kinachoninyima usingizi ni wavu. Nilikata kipande cha chandarua chakavu, nikakipaka rangi ya kijani, nikakitandaza juu ya mnara wa mzinga. Matokeo yake ni aibu tupu: kimetuna pembeni kama gauni la bibi harusi, rangi inabanduka kila nikikigusa, na matundu yake yana pembe sita, jambo ambalo mke wangu aliliona kabla yangu. Nyuzi za gunia la katani nazo nilijaribu kuzifuma, lakini zinaonekana kama kamba za kufungia ng'ombe. Je, ninyi mnatumia kitu gani kinachopatikana huku kwetu, na mnafanyaje ili wavu ulale?

Mzee wa Soweto (Mbeya)

Chandarua kingekushinda hata ungekuwa na subira ya kinyonga, kwa sababu nyuzi za poliesta hazinywi maji wala gundi, na kila ukizikunja zinarudi zilivyokuwa. Nenda duka la dawa ununue gozi, ile ya pamba ya kufungia vidonda, na uchague yenye matundu makubwa kuliko zote walizonazo. Tundu la sentimita 5 katika wavu halisi wa kamba linakuwa milimita 1.4 katika skeli yako, na gozi inakaribia hapo. Hesabu hiyohiyo ndiyo inayokuumbua kwenye gunia: uzi wa milimita 1 unalingana na kamba yenye unene wa sentimita 3.5, ambayo hata ng'ombe usingemfungia.

Ifue gozi kwa sabuni, kisha uiloweke usiku kucha kwenye chai ya rangi iliyokolea ili weupe wa hospitali uondoke. Hapo utakuwa na wavu mtupu, na wavu mtupu hauwezi kuficha kitu. Kilichokuwa kikificha ni vipande virefu vya kitambaa cha juti, vyenye upana wa takriban sentimita 5, ambavyo askari walivipitisha ndani ya matundu kwa mikono, wakivisonga katikati na kuvipunguza kadiri walivyokaribia kingo, kwa kuwa ukingo uliojaa hutupa kivuli chenye mstari ulionyooka, na mstari wa namna hiyo huonekana upesi katika picha zinazopigwa na ndege. Kwa hiyo kata karatasi laini ya tishu kwa upana wa milimita moja na nusu, uichovye kwenye gundi, na uipitishe kwa kibano tundu kwa tundu, bila kufuata mpangilio. Sitakudanganya: ni kazi ya jioni mbili au tatu, na wengi hukata tamaa hapo.

Baada ya hapo changanya gundi nyeupe ya mbao sehemu 1 na maji sehemu 2, utie tone moja la sabuni ya kuoshea vyombo ili mchanganyiko upenye kwenye nyuzi. Funika kifaru kwa karatasi ya foili iliyobanwa vizuri, utandaze gozi iliyolowa kuanzia mnarani hadi chini, kisha uisukume kwa brashi yenye maji iingie kwenye kila bonde. Wavu halisi hulazwa na uzito wake. Huu wako hauna uzito, hivyo ni vidole vyako vitakavyoulaza, na pembe zake uzibane kwa pini mpaka ukauke.

Binti Mufindi

Shikamoo Mzee wa Soweto. Kuhusu gozi nakubaliana nawe kabisa, ila kuifunika gari yote kwa kipande kimoja kuanzia mnarani sikubaliani nako. Kifaru kinachongoja kupigana lazima mnara wake uzunguke, kwa hiyo mtutu hufungwa peke yake, mnara peke yake na bodi peke yake, na matundu ya kupitishia hewa ya injini huko nyuma huachwa wazi. Kipande kimoja kinafaa pale kifaru kinapofichwa kwa mapumziko, na hapo wavu huinuliwa kwa miti ili umbo lote la gari lipotee. Kihesa Juu, amua kwanza wanajeshi wako wanafanya nini.

Jambo jingine ni majani. Masalia ya chai baada ya kuchujwa, yakikaushwa juu ya kikaango na kupitishwa kwenye chujio, yanafanana sana na majani makavu, kwani chembe ya milimita 1 inakuwa jani la sentimita 3.5. Yanyunyize kidogo tu wakati gundi ingali mbichi, na uhakikishe yamekauka kweli, maana yangu ya kwanza yaliota ukungu ndani ya wiki mbili.

Kihesa Juu (Iringa)

Shikamoo mzee, na ahsante dada. Wanajeshi wangu wanapika chai, kwa hiyo nimeweka wavu mmoja juu ya vijiti. Umelala vizuri kuliko nilivyotarajia, lakini nilipouacha barazani usiku, asubuhi nilikuta mabaka meupe kama chokaa.

Mzee wa Soweto (Mbeya)

Marahaba wote, na marekebisho ya binti nimeyapokea. Mabaka hayo yameletwa na baridi: gundi nyeupe ikikaukia mahali penye nyuzijoto chini ya 10 hivi, haiungani ikawa angavu, na usiku wa Juni na Julai huku kwetu mnaujua. Kaushia ndani, chumba kilekile chenye jiko, lakini mbali na moto. Ulioharibika usiutupe, upake rangi ya kahawia nyeusi iliyozimuliwa sana, uache ukauke, kisha upitishe juu juu brashi iliyo karibu kavu yenye kijani kilichopauka.