Dokumentari fupi wakati wa janga: Zoom, simu ya mhusika, au nje?

Kamerani: Wakuu, nina dokumentari ya dakika 10 kuhusu wazee wanaolea wajukuu. Corona bado ipo na wahusika wangu wengi wamepita miaka 70. Niwahoji kwa Zoom, niwaachie wajirekodi kwa simu, au niwafuate nje nikae mita 2? Ipi ina nafuu?

SautiKwanza: Zoom itumie kufahamiana nao na kuchuja maswali tu. Mtandao ukiyumba, sura inakatikakatika na maneno yanamezwa, na kwenye kuhariri hakuna dawa.

DadaTripodi: Kuna mseto. Mhoji kwa simu moja, ya pili imrekodi palepale alipo. Faili inakaa kwenye simu, kwa hiyo mtandao ukisumbua picha haiguswi. Apige kofi moja mwanzoni, utapata pa kuoanishia sauti na picha. Simu ilazwe kwa upana, uso wa mhusika uelekee dirishani. Wengi huligeuzia dirisha mgongo halafu wanatoka weusi tii. Na akituma WhatsApp, aitume kama dokumenti, la sivyo inabanwa na kupoteza ubora. Rekodi vipande vifupi, maana simu nyingi hazishiki idadi moja ya fremu (picha kwa sekunde), na kadiri video inavyorefuka sauti inaachana na midomo.

MzeeWaBuum: Mimi nasema nje. Virusi hivi husafiri hewani, na kwenye uwazi hutawanyika. Ndani ya chumba kilichofungwa, hizo mita 2 hazikukingi ukikaa saa nzima. Chukua fimbo ndefu ya kipaza sauti, lenzi ya milimita 85 kwenda juu (inayovuta picha kutoka mbali), barakoa, na usiende na kundi. Kipaza cha kifuani kina kazi: kukibandika lazima umfikie mtu kidevuni. Mkabidhi ajivike, wewe elekeza kwa mbali.

DadaTripodi: Na upepo, mzee wangu?

MzeeWaBuum: Kipaza kivishe kifuniko cha manyoya, tafuta na ukuta wa kukinga. Sifongo lake lioshe kabla ya mhusika mwingine. Fimbo na tripodi pangusa kwa kitambaa chenye alkoholi ya asilimia 70, ila usipulizie lenzi wala kipaza chenyewe.

Kamerani: Basi wenye nguvu nawatoa nje. Bibi mmoja ana kifua, huyo mjukuu wake atamshikia simu. Fomu za ridhaa je?

SautiKwanza: Karatasi ya nini? Msomee maelezo, akubali mwenyewe mbele ya kamera, ataje jina na tarehe. Kipande hicho kihifadhi mbali na picha za filamu.