Mjadala: Chumba cha kusomea cha uzamili na uzamivu peke yao, kitengwe au kisitengwe?

Wadau, hoja ni hii. Maktaba mpya ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, iliyozinduliwa 2018, inachukua watu 2,100 kwa wakati mmoja. Hata penye maktaba kubwa kiasi hicho swali linabaki: wanaoandika tasnifu wapewe chumba chao, au kila kiti kiwe cha aliyewahi?

Mwanatasnifu: Kitengwe. Anayechambua data ana laptopu, mafurushi ya madodoso na daftari la uwandani. Akienda kuswali au kula, abebe vyote? Madodoso yana taarifa za watu walioahidiwa siri, kwa hiyo yanahitaji kabati la kufungwa, si meza ya wazi. Halafu kuna wa programu za jioni. Wanatoka kazini saa kumi na moja, wakifika viti vimeshawahiwa tangu asubuhi.

Kimbweta: Utulivu siupingi, napinga mlango wa kuzuia watu. Msimu wa UE, mitihani ya mwisho wa muhula, utakuta chumba cha viti 40 kina watu sita, huku mwaka wa tatu wanasomea vimbwetani, kwenye meza za zege za nje, mpaka mvua iwafukuze. Na wao wana ripoti za utafiti. Isitoshe, wa uzamili mwaka wa kwanza bado yuko kwenye vipindi na majaribio kama mwenzake wa shahada ya kwanza. Kigezo kiwe kazi anayoifanya mtu, si ngazi ya shahada.

Mkutubi wa zamu: Kimbweta amegusa penyewe. Vyumba hivi haviuawi na uchache wa viti, vinauawa na meza za kudumu. Mtu anaacha daftari na chupa ya maji saa mbili asubuhi, anarudi saa kumi. Viti vyote "vina watu", chumba kitupu. Meza za chumba kikubwa zitolewe kwa siku, kwa kadi. Kiti kikikaa dakika 30 bila mtu, wa zamu akusanye vitu, aviweke kwenye kasha lenye namba ya kiti, ampe mwingine. Siku ya kwanza itakayoachwa bila kutekelezwa, kanuni imekufa, kwa hiyo bila mtumishi wa zamu mpaka saa nne usiku msifungue chumba.

Makabati yatolewe kwa muhula, na kufuli liwe la chuo, ufunguo wa akiba ubaki ofisini. Kufuli likiwa la mwanafunzi, anamaliza masomo, anarudi Mbeya na ufunguo, kabati linabaki ghala la karatasi mpaka livunjwe. Vile vyumba vidogo vya mtu mmoja vitolewe miezi mitatu mitatu, kwa barua ya msimamizi inayotaja sura zilizobaki. Barua ya "ni mwanafunzi wetu wa PhD" isipokelewe.

Fundi umeme: Mkishapatana nani aingie, pigeni hesabu ya umeme. Laptopu 40 za wati 65 ni wati 2,600. Umeme ukikatika kwa muda wa saa tatu mnahitaji kama kilowati-saa 8, yaani betri ya lithiamu ya kilowati-saa 10 ili isikamuliwe mpaka mwisho. Kiyoyozi kisiunganishwe humo, kitaimaliza upesi. Wekeni feni na madirisha yanayofunguka. Kila meza iwe na soketi yake mbili. Ekstensheni iliyochomekwa kwenye ekstensheni, kisha mtu akaongeza birika la wati 2,000, ndiyo inayoyeyusha plagi. Birika likae nje ya chumba, kwenye saketi yake. Mwanga juu ya meza usipungue lux 500 (kipimo cha mwangaza).

Kimbweta: Kwa masharti ya mkutubi naweza kukubali, ila mlango ufunguliwe kwa wote wiki mbili kabla ya UE hadi mitihani iishe.

Mwanatasnifu: Wote hapana. Tarehe ya kukabidhi tasnifu haisogezwi kwa sababu ya UE, na anayechelewa anaweza kulipia ada ya muda wa nyongeza. Chukueni viti 25 kati ya 40 kwa wiki hizo, kwa kadi ileile na dakika 30 zilezile. Makabati na vyumba vidogo visiguswe.

Mkutubi wa zamu: Viti 25 vinawezekana, mradi viwe upande wa mlangoni. Wakichanganywa, wanaofanya diskasheni watawasumbua wanaoandika, na zamu nzima itaishia kunyamazisha watu.