Uzamili wa uhandisi Ujerumani: GPA 3.6 inatosha?

Kutoka: N., Leipzig
9 Februari

Shikamooni wakubwa, na wenzangu mambo.

Mwezi wa nane namaliza mwaka wangu wa kujitolea hapa, na sitaki kurudi nyumbani kabla sijajaribu shule. Nina shahada ya kwanza ya uhandisi umeme kutoka Tanzania, miaka minne, GPA 3.6 kati ya 5. Natafuta uzamili wa umeme, upande wa nishati. Kuna mtu amenipigia hesabu ya kugeuza GPA kuwa alama za Kijerumani akapata 1.84, akaniambia nitaingia chuo chochote. Moyo unakataa. Kijerumani nina cheti cha B2. Naombeni msaada: GPA hii inatosha, na kuna mtihani wa kuingilia?

Kutoka: Da M., Stuttgart
9 Februari

Marahaba mdogo wangu. Moyo wako una akili kuliko huyo mpiga hesabu.

Fomula yao iko hivi: alama ya juu kabisa toa alama yako, gawanya kwa alama ya juu toa alama ya chini ya kufaulu, zidisha kwa 3, jumlisha 1. Mwenzako ameweka sifuri kwenye alama ya chini. Kwetu shahada inaanzia GPA 2.0. Kwa hiyo 5 toa 3.6 ni 1.4, na 5 toa 2 ni 3. Gawanya, zidisha kwa 3, unarudi kwenye 1.4. Jumlisha 1, unapata 2.4. Huku namba ndogo ndiyo nzuri: 1.0 ni ya juu, 4.0 ni ya mwisho kufaulu. Programu nyingi za uhandisi zinakata kwenye 2.5, kwa hiyo upo ndani, ila umesimama mlangoni.

Sasa acha GPA. Mimi mara ya kwanza nilikataliwa nikiwa na alama nzuri kuliko yako. Barua ilikuwa ya mistari minne: hisabati na nadharia ya sumaku-umeme hazikuonekana. Hazikuonekana! Nilizisoma mihula mitatu. Ila kwenye transkripti yangu kozi iliitwa tu "Umeme II", na mtu aliyekaa ofisini huku hana namna ya kujua kwamba ndani yake kuna milinganyo ya Maxwell. Kamati haiangalii jina la shahada. Inachukua kozi zako na kuzipanga juu ya kozi za shahada yao ya kwanza, halafu inatafuta matundu.

Mwaka uliofuata niliomba tena, chuo kingine, shahada ileile, alama zilezile. Safari hii niliambatanisha maelezo ya kila kozi: mada, saa za darasani, saa za maabara, kitabu tulichotumia. Kurasa 31. Niliyapata kwa kumwandikia mratibu wa idara yangu ya zamani na kumsumbua wiki sita. Nikapokelewa kwa masharti, wao wanaita Auflagen: nisome kozi mbili za shahada ya kwanza ndani ya mwaka mmoja, na krediti zake zisihesabiwe kwenye uzamili. Ukipewa hivyo usilie. Ni mlango.

Kwa hiyo leo hii, kabla ya kitu kingine, mwandikie mratibu wako.

Kutoka: Kaka J., Dresden
10 Februari

Da M. amemaliza kazi kubwa. Mimi naongeza ya karatasi.

Kwanza ingia anabin, orodha yao ya mtandaoni ya vyuo na vyeti vya nje, utafute chuo ulichosoma. Kikiwa na H+ kinatambulika. Mtihani wa kuingilia, kwa programu nyingi hakuna, ila zipo zenye usaili au tathmini yao wenyewe, kwa hiyo soma kanuni za kila programu.

Vyuo vingi vinapitisha maombi ya wageni uni-assist, ofisi inayokagua vyeti kwa niaba ya vyuo: ombi la kwanza euro 75, kila linalofuata katika muhula huohuo euro 30. Vingine vinataka VPD, yaani uni-assist wanakagua vyeti, wanakupa hati yenye alama iliyogeuzwa, halafu unaomba chuoni mwenyewe. Mwisho wa kuomba muhula wa baridi mara nyingi ni 15 Julai, lakini kwa wageni vyuo kadhaa vinafunga mapema zaidi, na uni-assist wenyewe wanachukua wiki kadhaa. Ukituma Julai umechelewa hata kama kalenda inasema bado.

Lugha: B2 peke yake mara nyingi haitoshi kwa programu za Kijerumani. Wengi wanataka mtihani wa Kijerumani wa kuingilia chuo: DSH-2, au TestDaF yenye 4 katika sehemu zote nne. Za Kiingereza wanataka cheti cha Kiingereza, hata kama ulisoma kwa Kiingereza maisha yako yote. Baadhi wanakubali barua ya chuo. Uliza kwa barua pepe, na jibu lao ulihifadhi.

Halafu krediti. Usizinakili kama zilivyo! Mwaka wa masomo kwetu ni krediti 120, huku ni 60. Kozi yako ya krediti 12 ni ECTS 6, yaani krediti za Ulaya.

Kutoka: Mzee wa Bochum
10 Februari

J., hapo tubishane kidogo. Krediti moja ya kwetu ni saa 10 za kazi, ECTS moja ni saa 25 hadi 30. Kozi ya krediti 12 ni saa 120, na ukigawa unapata 4 na pointi kadhaa, siyo 6. Nimeona mkaguzi mmoja akitumia njia hiyo na kijana akapungukiwa ECTS za hisabati.

Ushauri wangu: usigeuze mwenyewe. Andika krediti za kwetu, na juu ya jedwali uandike kwamba mwaka mzima ni 120. Fomu ikilazimisha ECTS, tumia hesabu ya mwaka ya J. na useme wazi umeitumia. Ukinyamaza, msomaji atachagua hesabu inayokubana.

Kutoka: Kaka J., Dresden
10 Februari

Nakubali, Mzee. Nilisema kwa haraka.

Kutoka: Da M., Stuttgart
11 Februari

N., ya pesa kwa kifupi kwa sababu najua utauliza. Akaunti maalumu ya viza ya mwanafunzi, ambamo pesa yako ya kujikimu inafungiwa, ni euro 11,904 kwa mwaka, sawa na 992 kwa mwezi, tangu Septemba 2024. Kwenye jimbo letu la Baden-Württemberg asiye wa Umoja wa Ulaya analipa ada ya euro 1,500 kila muhula. Majimbo mengi mengine vyuo vya umma ni mchango wa muhula tu. Mwanafunzi anaruhusiwa kazi siku 140 nzima kwa mwaka.

Na ukishaingia: uzamili wa kawaida ni ECTS 120, mihula minne, tasnifu ikibeba 30 kwa takribani miezi sita. Kuna wa mihula mitatu, ECTS 90, lakini huo unadai shahada ya kwanza ya 210. Wewe wa miaka minne una hoja ya kuomba wowote. Kitu kinachoumiza watu wetu ni mitihani. Vyuo vingi vinakupa majaribio matatu. Ukianguka la tatu kwenye kozi ya lazima umetolewa, na fani hiyohiyo kwa kawaida huwezi kuiendeleza chuo kingine Ujerumani. Hakuna kumfuata mwalimu ofisini ukamweleza matatizo. Nimesindikiza mwenzangu kituo cha treni kwa sababu hiyo, akiwa amebakiza tasnifu tu.

Kutoka: N., Leipzig
23 Februari

Mratibu amejibu! Ametuma maelezo ya kozi 38 kati ya 46. Nimeanza jedwali, angalieni mstari huu:

"Mitambo ya Umeme I. Krediti 12. Transfoma, mota, jenereta."

Nimepatia?

Kutoka: Da M., Stuttgart
23 Februari

Bado, mdogo wangu. Andika hivi: "Mitambo ya Umeme I. Krediti 12 (mwaka mzima ni 120). Mihadhara saa 45, mazoezi saa 15, maabara saa 15. Saketi za sumaku; transfoma za fezi moja na fezi tatu, saketi mlingano, jaribio la saketi wazi na saketi fupi; mota za induksheni, mkunjo wa toki na kasi; jenereta sinkronia. Mtihani wa saa 3 na ripoti 4 za maabara." Saa weka zako, hizi ni zangu.

Na zile kozi nane zilizobaki, kama kuna hisabati humo, mpigie simu mratibu kesho asubuhi. Usiandike tena.