Kifaa cha kusaidia mgongo: misuli ya hewa au mota?

Mwanagenzi
Wakuu, habari za jioni. Mama yangu mdogo ni muuguzi wa wodi. Kwa miaka mingi amegeuza na kunyanyua wagonjwa, na sasa kiuno hakimpi raha. Nataka kumtengenezea kifaa cha kuvaa kimpunguzie mzigo anapoinama. Nipo njia panda: misuli ya hewa, au mota na betri?

DadaValvu
Hewa, mdogo wangu. Ndani mpira, nje wavu wa nyuzi ngumu. Ukijaza upepo mpira unatanuka, wavu unafupika, ncha zinavutana. Mwanafizikia wa Marekani, Joseph McKibben, aliitengeneza miaka ya 1950 kwa ajili ya binti yake aliyepoozeshwa na polio, kwa hiyo tangu mwanzo ni kitu cha kukaa mwilini mwa mtu. Ni myepesi na inabonyea ikigusana na mgonjwa.

Giaboksi
Na kompresa ya kujazia hewa ataibeba nani? Mota ukiiambia digrii 30, inakwenda 30. Hewa inabanika, nyuzi zinasuguana. Presha ileile inakupa urefu huu ukijaza na mwingine ukipunguza. Tena msuli unavuta tu, hausukumi, na unafupika karibu robo ya urefu wake. HAL, roboti ya kuvaa ya kampuni ya Cyberdyne, Japani, inatumia mota na inasoma ishara za umeme wa misuli juu ya ngozi.

DadaValvu
Kwa roboti ya kiwandani nakubali. Ila kuinama wodini hakudai digrii kamili. Tazama Muscle Suit, kifaa cha kuvaa cha misuli ya hewa cha Profesa Hiroshi Kobayashi wa Chuo Kikuu cha Sayansi cha Tokyo. Toleo la Every, la 2019, lina kilo 3.8, bila betri wala kompresa. Unajaza kwa pampu ya mkono, basi. Ukiinama msuli unavutwa, ukiinuka unakurudishia nguvu. Na msuli wa aina hii huvuta kwa nguvu zaidi ukiwa mrefu, yaani pale ulipoinama na mgongo umelemewa.

Mwanagenzi
Sasa si ni springi tu?

DadaValvu
Karibu sawa. Lakini ugumu wa springi umeshaununua dukani. Upepo mama anauongeza au kuupunguza mwenyewe.

Giaboksi
Hapo umenishika. Kwa kazi hii, hewa.

TibaViungo
Mimi nafanya kazi ya tiba ya viungo. Mzigo unaotoka mgongoni unahamia mapajani, kwa hiyo pedi ziwe pana, la sivyo zitamchubua. Aweze kutembea na kukaa bila kukivua. Kijaribu kwa ndoo ya maji kwanza, kabla ya mgonjwa yeyote. Na mashuka ya kutelezeshea wagonjwa asiyaache.

Mwanagenzi
Asanteni sana. Jumamosi naanza na tyubu ya baiskeli na ule wavu wa kufunikia nyaya. Nitaleta picha.